Kufunga Chuma cha Kukokotea kwenye Gari-Nyumba ili Kuvuta Gari Dogo

Anayesafiri Uingereza kwa gari-nyumba la mita 7 hutambua mapema kwamba uhuru wa kulala anapotaka una adha yake. Akishaegesha kambini, akaliweka gari sawa na kuchomeka umeme, hawezi tena kwenda dukani kununua maziwa bila kufungasha nyumba nzima na kuondoka nayo. Ndiyo sababu wengi huvuta nyuma yao gari dogo la aina ya Toyota Aygo, Citroën C1 au Smart Fortwo, na ili kulivuta wanahitaji chuma cha kukokotea, yaani ile boriti inayofungwa chini ya mkia wa gari na kubeba tufe la kuungia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukifunga kwa kufuata sheria za Uingereza, na unachukulia gari-nyumba lililojengwa juu ya Fiat Ducato, kwa kuwa magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu yake.

Fundi aliyezoea pikapu za Dar es Salaam au Mombasa, ambazo chesisi yake nzito imenyooka kutoka bampa hadi bampa, anaweza kudhani kuwa kazi hii ni ya bolti nne na nusu siku. Kwenye gari-nyumba sivyo. Kiwanda cha magari hutoa kichwa na sehemu ya chesisi, kisha mjenzi mwingine huirefusha ili sakafu, kitanda na chumba cha mizigo vipate pa kukaa. Sehemu hiyo ya nyuma, ambayo ndiyo inayoonekana kufaa kufungiwa chuma, mara nyingi ndiyo dhaifu kuliko zote. Spana, kwa hiyo, haishikwi kabla hesabu haijakamilika.

Hatua ya kwanza: kusoma kibati na kupima uzito

Kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti kuna kibati chenye namba nne za uzito. Ya kwanza ni uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari lenyewe. Ya pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na kinachovutwa. Ya tatu ni mzigo wa juu wa ekseli ya mbele, na ya nne wa ekseli ya nyuma. Mathalani, kibati kinaweza kusomeka 3,500, 5,500, 1,850 na 2,000. Ukitoa namba ya kwanza kwenye ya pili unapata kilo 2,000, na hizo ndizo zinazobaki kwa kuvuta gari-nyumba likiwa limejaa. Ikiwa namba ya pili haipo, au inalingana na ya kwanza, gari hilo halijaidhinishwa kuvuta chochote, hata kama injini yake ina nguvu za kutosha. Kukiwa na vibati viwili, fuata kile cha mjenzi wa nyumba, kwa sababu huyo ndiye aliyegusa gari mwisho.

Kisha lipeleke gari kwenye mizani likiwa na maji, gesi, mafuta, abiria na mizigo yake yote ya safari, ulipime zima, halafu upime kila ekseli peke yake. Namba ya ekseli ya nyuma ndiyo itakayoamua mengi. Tuseme imesoma kilo 1,920 dhidi ya kikomo cha 2,000. Zimebaki kilo 80, na msomaji anaweza kufikiri kwamba chuma cha kilo 40 kitaingia bila shida na kuacha nafasi nyingine ya kilo 40. Lakini chuma hicho hakikai juu ya ekseli. Kinakaa nyuma yake, na mkia wa gari hufanya kazi kama mtaimbo. Kwenye Ducato yenye mita 4.035 kati ya ekseli na ekseli, chuma cha kilo 40 kilichofungwa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma huiongezea ekseli hiyo takriban kilo 60. Zinazobaki ni 20.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotofautisha njia mbili za kuvuta gari dogo. Njia ya kwanza ni kulipandisha gari juu ya tela, na tela hulaza sehemu ya uzito wake juu ya tufe. Uzito wa kilo 75 juu ya tufe lililo mita 2.2 nyuma ya ekseli huiongezea ekseli ya nyuma kilo 116 na kuipunguzia ya mbele kilo 41. Kwa kuwa Ducato huvuta kwa magurudumu ya mbele, kilo hizo 41 ni mshiko unaopotea mahali unapohitajika zaidi, kama vile kwenye mlima wenye nyasi mbichi. Njia ya pili ni fremu ya umbo la A, inayofungwa mbele ya gari dogo ili lifuate kwa magurudumu yake manne. Fremu hulaza uzito mdogo sana juu ya tufe, kwa hiyo gari letu la mfano, ambalo haliwezi kabisa kubeba tela, linaweza kuvuta kwa fremu.

Hatua ya pili: leseni na sheria

Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya daraja B, yaani ile ya gari la kawaida, nchini Uingereza anaruhusiwa kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, mradi gari linalovuta lenyewe halizidi kilo 3,500. Gari-nyumba linalozidi hapo na kuishia kilo 7,500 linahitaji daraja C1, na likivuta zaidi ya kilo 750 linahitaji C1+E. Waliofaulu mtihani wa gari kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida wanazo haki hizo tayari, ila uzito wa magari yote mawili usizidi kilo 8,250.

Serikali ya Uingereza inachukulia kwamba gari likishafungwa kwenye fremu ya A linakuwa tela, na sheria zote za tela zinalihusu. Tela ambalo uzito wake wa juu unazidi kilo 750 lazima liwe na breki zinazofanya kazi. Hapa wengi hukosea, kwa sababu wanatazama uzito wa gari tupu. Smart Fortwo tupu inaweza kukaribia kilo 750, lakini kinachohesabiwa ni uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati chake, nao unapita hapo. Kwa lugha nyepesi, usitafute gari dogo la kuvuta bila breki, kwa sababu karibu halipo.

Jambo jingine ni kwamba fremu ya A haikubaliki kila mahali nje ya Uingereza. Hispania hairuhusu gari kuvuta gari jingine isipokuwa kwa dharura. Mwenye nia ya kuvuka bahari kila majira ya baridi kufuata jua la huko kusini anunue tela, na kama ekseli yake ya nyuma haina nafasi, hilo alijue kabla ya kununua gari-nyumba.

Hatua ya tatu: kuchagua chuma

Chuma kizuri kina kibati chake chenye herufi E ndani ya duara, alama ya kwamba kimejaribiwa kwa kufuata Kanuni Namba 55 ya Umoja wa Mataifa. Kwenye kibati hicho tafuta thamani mbili. S ni uzito wa juu unaoruhusiwa kulala juu ya tufe. D ni nguvu ya mvuto inayoweza kuhimiliwa, kwa kilonyutoni. Thamani ya D unayohitaji hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari moja kwa uzito wa jingine, yote yakipimwa kwa tani, kugawanya kwa jumla ya uzito wa yote mawili, kisha kuzidisha kwa 9.81. Gari-nyumba la tani 3.5 linalovuta gari la tani 1.2 linahitaji D ya 8.77, kwa hiyo chuma kilichoandikwa 11 kinatosha na kilichoandikwa 8 hakifai, hata kikionekana kinene.

Mwambie muuzaji aina ya gari, mwaka, jina la mjenzi wa nyumba na aina ya chesisi ya nyuma, na umtumie picha za chini ya gari. Magari mengi yana chesisi ya kampuni ya AL-KO nyuma, iliyopakwa zinki na yenye matundu yake tayari. Hiyo haichomelewi wala haitobolewi ovyo, na ina vyuma vyake maalumu vya kurefushia. Kwenye chesisi nyingine, chuma lazima kiwe na mikono mirefu inayofika hadi kwenye boriti halisi za kiwanda. Ukiona muuzaji ameridhika na jina la gari peke yake, mtafute mwingine.

Hatua ya nne: kukagua chini ya gari

Zima injini, chomoa umeme wa kambi, kisha tenganisha betri ya injini na betri ya nyumba. Paneli ya jua juu ya paa huendelea kuzalisha umeme hata betri zikitenganishwa, kwa hiyo chomoa pia waya wake au izime kwenye swichi yake. Egesha mahali palipo sawa na pagumu, weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, inua kwa jeki kwenye sehemu zilizoonyeshwa na kitabu cha gari, kisha uliketishe gari juu ya stendi imara zilizopimwa kwa uzito huo. Asilale mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Ukiwa chini, tambua boriti za kiwanda zinaishia wapi na nyongeza ya mjenzi inaanzia wapi. Mara nyingi tofauti huonekana kwa rangi, kwa unene wa bati na kwa mstari wa bolti au wa kuchomelea. Gonga kwa nyundo ndogo na usikilize, kwani chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya mfu. Andika pia kila kitakachozuia njia: tangi la maji machafu na valvu yake, tairi la akiba, miguu ya kuegemeza mkia, bomba la egzosi. Matundu ya sakafuni yanayotolea gesi iliyovuja kwenye kabati la mitungi yasizibwe kwa hali yoyote, na waya wa umeme usipitishwe karibu nayo.

Hatua ya tano: kufunga chuma

Shusha kwanza tairi la akiba na ondoa kinga zote za plastiki. Pandisha chuma kwa jeki ya pili au kwa msaada wa mtu, kisha ukishikize kwa bolti chache zilizolegea. Sasa pima kutoka kila gurudumu la nyuma hadi katikati ya tufe, kwa sababu bampa la gari-nyumba limefungwa na mjenzi wa nyumba na haliaminiki kuwa liko katikati ya chesisi.

Kimo cha tufe ndicho kilichoniangusha mimi. Kanuni inataka katikati ya tufe iwe kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini gari likiwa limebeba mzigo wake. Nilipima gari langu likiwa karakanani, tangi tupu na chumba cha mizigo kitupu, nikapata 405 na kuridhika. Siku ya safari, baada ya kuingia lita 100 za maji, baiskeli mbili na watu wanne, tufe lilishuka hadi 335, na fremu ikawa inainamia mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Ilibidi nibadilishe kibati cha kushikia tufe kwa kingine chenye matundu ya juu zaidi. Kwa hiyo pima gari likiwa juu ya magurudumu yake na limejazwa kama litakavyosafiri.

Ikiwa maelekezo ya mtengenezaji yanataka utoboe, toboa kwenye ubavu wa boriti uliosimama wima, na kamwe usitoboe midomo yake ya juu na ya chini. Boriti inapopinda, mkazo mkubwa zaidi hukusanyika kwenye midomo hiyo, na tundu lililotobolewa pale ndiko ufa huanzia. Anza na drili nyembamba, panua polepole, sawazisha kingo kwa tupa, kisha paka rangi ya zinki na uiache ikauke. Pale ambapo boriti ni bomba lililo wazi ndani, bolti lazima ipite kwenye mrija wa chuma unaolingana na upana wa ndani. Bila mrija huo ukuta wa boriti hubonyea kila unapokaza, bolti hulegea baada ya wiki chache, na fundi hulaumu nati.

Tumia bolti zilizokuja na chuma, zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani, pamoja na washa pana na nati mpya za kujifunga. Ziingize zote kwa mkono kwanza. Kisha kaza kuanzia zilizo karibu na ekseli kuelekea nyuma, kwa mizunguko miwili, na umalizie kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Kwa kukadiria tu, bolti ya M12 ya daraja 8.8 huhitaji takriban nyutoni-mita 80, na bolti za M16 zinazoshika tufe takriban 195. Kukaza kwa nguvu za bega na kusema «imekaza» hakutoshi, kwani bolti iliyopitilizwa huwa imekwisha kuvutika na hukatika barabarani. Weka alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ukaguzi wa baadaye uwe wa kutazama tu.

Hatua ya sita: umeme

Kwa taa za gari linalovutwa kwa fremu, soketi ya pini 7 inatosha. Tela linalohitaji taa za rivasi na umeme wa kudumu hutaka ya pini 13. Katika zote mbili pini saba za mwanzo zina kazi zilezile: njano ni indiketa ya kushoto, buluu ni taa ya ukungu, nyeupe ni waya hasi, kijani ni indiketa ya kulia, kahawia ni taa ya nyuma ya kulia, nyekundu ni breki na nyeusi ni taa ya nyuma ya kushoto.

Usiunganishe waya hizo moja kwa moja kwenye taa za gari-nyumba. Magari ya sasa hutawaliwa na kompyuta inayopima umeme wa kila taa, na ikiona mzigo usioujua hutangaza hitilafu au huzima taa kabisa. Tumia relei maalumu, ambayo huchukua ishara tu kutoka kwenye taa na kuvuta umeme wenyewe kutoka kwenye betri kupitia waya wake na fyuzi yake, iliyowekwa karibu kabisa na betri. Kwa Ducato mpya, waya zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo ni ghali lakini humwepusha mtu na wiki ya kutafuta kosa. Dereva lazima pia apate mlio au taa ya kumjulisha kwamba indiketa za nyuma zinafanya kazi.

Waya hasi uungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi kung'aa kisha kikapakwa grisi. Taa zinazofifia au kuwakawaka pamoja bila mpangilio, mara nyingi shida iko hapo. Pitisha waya mbali na egzosi, uziingize kwenye bomba la plastiki na uzifunge kila baada ya sentimita 30 hivi. Rudisha betri, kisha jaribu kila taa kwa mita ya umeme na baadaye kwa taa zenyewe, mtu mmoja akiwa nyuma.

Hatua ya saba: gari dogo

Soma kitabu cha gari dogo kabla ya kulinunua. Gari la gia za mkono kwa kawaida huvutwa likiwa kwenye nyutro, lakini gia za otomatiki nyingi hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini, na zikizungushwa na magurudumu injini ikiwa imezimwa huungua. Ufunguo lazima uwe mahali panapofungua usukani, na breki ya mkono ishushwe.

Vishikio vya fremu hufungwa kwenye boriti za mbele nyuma ya bampa, navyo ni vya aina moja ya gari tu. Mfumo wa kawaida wa breki hutumia msukumo wa fremu kuvuta kebo inayokanyaga pedali. Udhaifu wake ni kwamba injini ya gari dogo imezimwa, kwa hiyo msaada wa hewa kwenye breki huisha baada ya kukanyagwa mara chache na pedali ikawa ngumu. Mifumo ya umeme yenye pampu yake ya hewa ni ghali zaidi, na binafsi nisingechagua mwingine kwa gari linalopita kwenye milima ya Wales au Scotland. Waya wa dharura, unaovuta breki magari yakiachana, ufungwe kwenye tundu lake kwenye chuma cha kukokotea, si kuzungushwa juu ya shingo ya tufe.

Nyuma ya gari dogo weka namba ya gari-nyumba na viakisi viwili vyekundu vya pembetatu. Ukiunganisha taa za gari dogo lenyewe, weka dayodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme usirudi kwenye kompyuta yake.

Hatua ya nane: safari ya kwanza

Mjulishe kampuni ya bima kwamba gari limefungwa chuma cha kukokotea. Rudi mizanini, ukiwa umeunganisha kila kitu, na ulinganishe namba na kibati. Kisha tafuta uwanja mtupu, ukate kona kali kushoto na kulia polepole huku mtu akitazama kama fremu inakaribia kugusa bampa. Pima pia nafasi kati ya chuma na ardhi, kwa sababu mkia mrefu uliokwisha kuwa chini sasa una chuma chini yake, na mlango wa feri ndio mahali pa kwanza utakapokwaruza.

Barabarani kikomo ni maili 50 kwa saa kwenye barabara isiyotenganishwa katikati na 60 kwenye barabara iliyotenganishwa katikati na kwenye motowei, yaani barabara kuu ya mwendo kasi, na kwenye motowei ya njia tatu usiingie ile ya kulia kabisa. Usijaribu kurudi nyuma ukiwa na fremu ya A isipokuwa hatua chache. Magurudumu ya mbele ya gari dogo hugeuka yenyewe na kulivuta upande. Chomoa, sogeza kila gari peke yake, kisha unganisha tena.

Baada ya maili 50 simama mahali salama, lala chini ya gari na utazame zile alama za rangi. Iliyosogea kaza upya kwa spana ya kipimo, kisha uikague tena mwisho wa siku. Ikisogea mara ya pili, toa bolti hiyo na utazame mrija ulio ndani ya boriti.